Ukuta Haukuniambia Kitu

Dawati la Gredi ya Kwanza ni jepesi kuliko mtungi wa maziwa uliojaa nusu. Najua kwa sababu Jumanne nililibeba peke yangu, katikati ya somo la hesabu, darasa zima likinitazama.

Sikuwa nimeenda kugombana. Nilikuwa nimepeleka sweta. Muthoni, binti yangu wa miaka sita, alikuwa ameiacha kitandani, na baridi ya asubuhi za huku Mweiga mnaijua. Mara mbili nilikuwa nimeshafika shuleni humo kwa adabu zangu zote. Mara ya kwanza niliambiwa mtoto ametolewa kwa wenzake kwa muda tu, ili aone ubao vizuri. Mara ya pili nikaambiwa tuvumilie, anaombewa. Nikavumilia. Mara ya tatu nikafika mlangoni na sweta mkononi, nikaona wenzake wamebanana watatu watatu, na yeye yuko peke yake kando ya mlango, dawati limegeuzwa likatazama ukuta. Alikuwa ameweka kiganja chake kwenye ukuta, vidole vimetanuka.

"Mami," nikamwita. Ana jina la mama yangu, kwa hivyo kwangu yeye ni mami.

Hakugeuka. Akaninong'oneza, "Usisimame hapo, utaambukizwa."

"Nitaambukizwa nini?"

"Sijui. Mwalimu alisema wasinishike."

Hapo ndipo subira yangu ilipoisha. Nilimwinua Muthoni nikamsimamisha kando, nikashika dawati pande zote mbili, nikapita nalo kati ya watoto, nikalitua katikati ya darasa kwa kishindo. Penseli zikaanguka.

"Wairimu, rudisha hiyo dawati," mwalimu akasema.

"Niite Mama Muthoni. Hapa si kwenu."

"Unasumbua darasa."

"Darasa lilisumbuka siku ulimtoa mtoto wangu."

Aliniita kwa jina la utotoni kwa sababu ananijua tangu utotoni. Mwalimu huyo ni Kendi. Kuna wakati Kendi alikuwa rafiki yangu, na nikisema rafiki yangu nina maana kwamba hakukuwa na mwingine.

Alinivuta nje, chini ya dirisha, akaanza kuongea kwa sauti ya chini kama mtu aliye kanisani. "Vitu tatu zimepotea hii shule. Chaja yangu, kengele, na funguo ya stoo. Mara tatu, yeye ndiye amesema iko wapi. Mtoto wa miaka sita, Wairimu."

"Ako na macho."

"Hata wewe ulikuwa na macho." Akanitazama, na niliona kwamba haigizi, anaogopa kweli. "Mimi nilikuwa pale. Nilikuona na mkono kwa ukuta."

Huwa sikosi jibu. Kazi yangu ni kupima maziwa kwenye kituo, na kila asubuhi mwanamume mzima huniapia kwamba hajatia maji hata tone, nami namwonyesha kipimo, anaondoka akininunia. Lakini Kendi nilimpa mgongo tu, nikarudi ndani. Nilimvalisha Muthoni sweta, nikamwacha katikati ya darasa, nikarudi kazini. Siku nzima nilikuwa nanusa asidi ya betri ya gari, na kituoni kwetu hakuna betri.

Kama una umri wangu, huenda unakikumbuka kipindi kile cha runinga. Kilikuwa cha Jumamosi saa kumi jioni. Hakikudumu, nimehesabu mara nyingi na sipiti Jumamosi saba. Kilikuwa cha watu wanne wanaoishi ploti moja ya vyumba vya kupanga Nairobi, kila mmoja na kipawa chake anachoficha. Kulikuwa na muuza nyama aliyesikia mawazo ya wateja, akikata nusu kilo kabla mtu hajafungua mdomo. Kulikuwa na nesi, na mzee aliyeota ajali za kesho. Na kulikuwa na msichana wa rika langu, mwenye sare ya kijani. Yeye aliweka kiganja ukutani, akafumba macho, ngoma ndogo ikaanza kupigwa, na akaona kila aliyepita hapo na alichofanya. Kendi aliniambia kwamba wakati huo runinga hugeuka bluu. Yeye aliambiwa na binamu yake wa Nanyuki. Ya kina Kendi ilikuwa nyeusi na nyeupe, kwa hivyo kwetu sisi iligeuka rangi ya jivu.

Runinga ilikuwa ya Mama Kendi, mwanamke wa upande wa Meru aliyeolewa kijijini kwetu, na ilitumia betri ya gari iliyokaa sakafuni kwenye gunia. Sharti lake lilikuwa moja: miguu safi. Mimi nilinawa miguu kwetu, nikanawa tena kwa tangi lao, nikaingia nimekanyagia vidole. Nilikaa karibu na betri kwa sababu hakuna aliyetaka kukaa hapo. Mpaka leo harufu hiyo kali kwangu ni harufu ya kualikwa mahali.

Maana wiki iliyobaki sikualikwa popote. Niliishi na guka, baba ya mama yangu, wawili tu katika nyumba ya mbao. Mama alifanya kazi Nanyuki, kufua mashuka ya hoteli, na alikuja mwisho wa mwezi akinuka sabuni ambayo si yetu. Alilala usiku mmoja, akaenda. Boma letu lilikuwa mwisho wa njia, na watoto wengine walikuwa na ndugu zao wa kucheza nao. Mimi nilikaa ndani ya nepia, yale majani marefu ya ng'ombe, nikitazama watu. Nilijua Mama fulani anaficha sukari kwenye sufuria ya chai ya wageni. Nilijua kuku wa nani anataga kwa nani. Sikujua kwamba huko ni kujua. Niliona ni kukaa tu.

Jina langu ni la mke wa guka, aliyekufa kabla sijazaliwa. Kwetu jina haliji peke yake. Guka aliniita "bibi yangu" mbele ya watu, akaninyima chai yenye sukari nyingi akisema bibi yake hakuipenda, na akipoteza kitu alisimama uani na kupaza sauti: "Bibi yangu! Panga yangu niliweka wapi?"

"Kwa mti ya plamu, guka."

"Mnaona?" Akawageukia wageni. "Ni yeye amerudi. Hata huko alikuwa ananiona nikipoteza vitu."

Wageni wakacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimemwona akiliacha panga hapo, ndiyo, lakini mtu mzima akikuambia kila siku kwamba wewe ni mtu aliyerudi, na Jumamosi runinga ikakuonyesha msichana wa rika lako anayejua mambo, wewe unaunganisha. Niliunganisha. Nikaanza kumwona guka akipoteza kitu na kusahau kwamba nilimwona. Nikaweka mkono kwenye mbao za nyumba yetu, nikafumba macho, nikasema mahali. Guka alipiga makofi.

Kitu kimoja tu hakikufanya kazi. Ukuta wa nyuma wa nyumba yetu ulitazama upande wa Nanyuki. Jioni, kabla ya kuwasha taa, niliweka kiganja hapo, nikangoja kumwona mama. Nilingoja ngoma ipigwe. Nilibonyeza zaidi, nikidhani ni nguvu inayohitajika, mpaka siku moja kibanzi kikaingia chini ya ngozi. Guka alikitoa kwa sindano, akaniuliza nilikuwa natafuta nini ukutani. Nikasema, "Hakuna." Nilifikiri mama yuko mbali kuliko urefu wa kipawa changu. Nilifikiri nikikua, kitafika.

Jumamosi ya mwisho, msichana wa sare ya kijani alisimama mbele ya mlango usiojulikana ni wa nani. Akaweka kiganja. Akasema, "Kuna mtu ananingoja." Basi, kikaishia hapo. Tukalalamika sote. Mama Kendi akatoa waya kwenye betri, na akiwa bado ameinama akaanza kunung'unikia kitambaa chake.

Kilikuwa kitambaa cheupe cha kichwani, cha chama cha akina mama wa kanisa. Wanaojua wanajua: hicho kitambaa hukipati kwa kununua tu, unafundishwa, unavalishwa mbele ya kanisa, na kukosekana nacho siku ya chama ni aibu. Siku ya chama ilikuwa kesho yake. Alikuwa amekianika Ijumaa kwenye kamba, na kimetoweka.

Mimi nilijua. Ijumaa nilikuwa ndani ya nepia. Nilimwona Mama Njoki, jirani wa chini, aliyekuwa ameunguza chake kwa pasi ya makaa, akikivuta kutoka kwenye kamba na kukiingiza kwenye gunia la mbegu za viazi mlangoni pake. Ningesema hivyo, "Nilimwona," mambo yangeishia kwa Mama Njoki. Lakini nani angenitazama kwa kusema nilimwona? Chumba kilikuwa kimejaa watoto, Kendi alikuwa kando yangu, na kwa mara ya kwanza niliona njia ya kuwa mtu.

Nikasimama. Nikaweka kiganja ukutani, vidole vimetanuka. Nikafumba macho. Ngoma niliipiga mwenyewe kifuani.

"Iko kwa Mama Njoki," nikasema. "Ndani ya gunia ya mbegu. Ukuta umeniambia."

Walicheka. "Ati ukuta!" mvulana mmoja akasema. "Uulize sasa tutakula nini." Kisha mtu akatumwa, akarudi na kitambaa kina udongo wa viazi, na hakuna aliyecheka tena. Nilifungua macho nikitabasamu. Nilikuwa nangoja kukumbatiwa. Mama Kendi alikuwa amemvuta Kendi akamweka nyuma ya sketi yake.

"Umejuaje?" akaniuliza.

Nafasi ya kusema ukweli ilikuwa hapo, ya pili na ya mwisho. "Ukuta," nikasema.

Mama Njoki hakuwa mjinga. Badala ya kujibu habari ya wizi alilia mbele ya wazee wa kanisa kwamba kitambaa kiliingia kwake hajui vipi, na kwamba mtoto anayeongea na kuta ndiye aliyekipeleka. Kufikia Jumatano hakuna aliyemuuliza Mama Njoki chochote. Mimi ndiye niliyekuwa jambo. Wazee watatu walikuja kwetu kutaka kuniombea. Guka hakuwapa hata viti.

"Huyu ni bibi yangu," akawaambia. "Yule wa kwanza mlimfukuza kanisani kwa sababu ya mdomo. Huyu hamtamgusa."

"Mzee, si utani. Mtoto ako na kitu."

"Kitu ako nayo ni macho. Nendeni."

Jumamosi nilinawa miguu kama kawaida. Nilinawa hadi magotini. Mama Kendi alinisimamisha mlangoni. "Rudi kwenu, Wairimu." Nyuma yake runinga ilikuwa imewashwa na kwaya inaimba, ingawa saa kumi ilikuwa imepita. Nikauliza kipindi kiko wapi. Nadhani alitaka kunifukuza kwa upole, kwa sababu alisema, "Ile kitu imeondolewa. Watu ya kanisa waliandika barua."

Hebu mfikirie mtoto akitembea na jibu hilo. Nilijua kanisa lilikuwa linaongea juu yangu. Sasa kanisa limeandika barua, na msichana wa sare ya kijani ameondolewa, amebaki mbele ya mlango wake mkono umeinuliwa. Nilielewa kwamba barua ilikuwa ni ya kunihusu mimi, na kwamba nimemponza. Nilienda nyuma ya nyumba nikamwomba msamaha kwenye mbao.

Mama alikuja mwisho wa mwezi. Wazee walimngoja njiani, kwa hivyo alifika akiwa ameshaambiwa. Nilikaa jikoni nikasikia kila kitu. Guka alimwambia akatae, aende kanisani aseme mbele ya watu kwamba mtoto wake hana kitu. Kisha sauti ya mama, imechoka kama shuka iliyokamuliwa: "Wamwombee tu, baba. Hakuna ubaya. Mimi kesho saa nane lazima niwe kwa gari."

Waliniombea Jumapili ifuatayo, mikono mingi kichwani, mmoja unanuka kitunguu. Mama hakuwepo. Sikuanguka, sikulia, nikaambiwa kwamba hiyo pia ni dalili. Tangu hapo hadi nikamaliza shule ya msingi hakuna aliyekaa dawati moja nami kwa hiari. Kendi alinipita njiani akitazama viatu. Nilipata mtu wa kukaa naye nilipoenda sekondari Sagana, ambako hakuna aliyejua kuta zetu. Mama yangu alikufa nikiwa huko. Guka akafuata. Nilimpa binti yangu jina la mama nikiwa bado nimemkasirikia, na sioni haya kuandika hivyo. Alikuwa amechoka. Alikuwa na mashuka. Najua. Lakini angesimama tu mlangoni pa kanisa dakika moja.

Jumanne hiyo jioni nilimuuliza Muthoni kwa nini aliweka mkono ukutani. Hajawahi kuona kipindi chochote cha namna hiyo, kilikufa kabla hajazaliwa.

"Iko na joto," akasema. "Jua inaigonga kwa nje."

"Na funguo ya stoo, ulijuaje?"

Alinitazama kama swali langu ni la kijinga. "Mwalimu aliiweka kwa dirisha akifunga kiatu. Mimi huwa naangalia yeye."

"Kwa nini?"

"Hakuna mwenye anacheza na mimi."

Alhamisi niliomba ruhusa kazini, nikaenda Nyeri kuchapisha barua. Mwanamke wa saiba, duka la kompyuta na nakala, mtu wa rika langu, alikuwa akichapa nikimsomea kutoka kwenye daftari. Alipofika mahali pa ukuta nikamweleza habari ya kile kipindi cha runinga, akasimamisha vidole.

"Ngoja! Kile cha muuza nyama? Mimi nilikuwa nakiona kwa jirani. Kiliisha vibaya."

"Kiliondolewa na barua ya kanisa," nikasema.

"Nani alikudanganya? Watu wa sabuni waliokuwa wanakilipia walijitoa. Hakikuwa na tangazo. Kuna siku walieleza kwa redio." Akaendelea kuchapa. "Barua gani? Hakuna mtu alijali hivyo."

Nililia pale saibani, kwenye kiti cha plastiki, watu wakingoja nakala zao. Nilikuwa nimetembea na barua ambayo haikuandikwa. Na ile ambayo ingeandikwa kwa ajili yangu, hakuna aliyeiandika.

Ijumaa asubuhi niliipeleka shuleni. Dawati lilikuwa limerudishwa kando ya mlango. Kendi aliniona dirishani, hakutoka. Karani wa ofisi aliisoma yote kwa kidole, akafika katikati akainua kichwa.

"Mama Muthoni, hii sehemu ya kitambaa unataka ibaki? Watu watasoma."

"Ibaki."

Akagonga mhuri wa kupokea kwenye nakala mbili, moja nikabaki nayo. Ni hii:

*Kwa Mwenyekiti wa Bodi ya Usimamizi, kupitia kwa Mwalimu Mkuu.*

*KUH: MALALAMIKO JUU YA MTOTO WANGU KUKALISHWA PEKE YAKE*

*Mimi ni mzazi wa Muthoni wa Gredi ya Kwanza. Nalalamika rasmi kwamba mwalimu wa darasa amemtenga mtoto wangu kando ya mlango, akitazama ukuta, na kuwaambia wenzake wasimguse, kwa madai kwamba ana pepo la kujua vitu vilivyopotea. Nimekuja kwa mdomo mara mbili. Mara ya tatu nilihamisha dawati mwenyewe, na kama hilo ni kosa nitajibu.*

*Mwalimu anasema mtoto amerithi kutoka kwangu, na kwamba yeye ni shahidi. Ni kweli alikuwepo. Kwa hivyo naandika hapa jambo ambalo sikulisema nikiwa mtoto. Siku ya kitambaa cha mama yake, ukuta haukuniambia kitu. Nilikuwa kwenye nepia na nilimwona aliyekichukua. Nilidanganya kwa sababu nilitaka nitazamwe. Mwalimu aliogopa uongo wangu miaka hii yote, na kwa hilo namwomba radhi. Lakini uongo ulikuwa wangu. Mtoto wangu hajadanganya. Aliona funguo zikiwekwa dirishani, akasema.*

*Naomba mambo matatu. Dawati lake lirudishwe kati ya wenzake leo, si wiki ijayo. Asiombewe na mtu yeyote bila mimi kuwepo, na mimi sitakubali. Na mwalimu aseme mbele ya darasa, watoto wakisikia, kwamba mtoto huyu hana kitu cha kuambukiza.*

*Nisipojibiwa ndani ya siku saba nitapeleka nakala kwa ofisi ya elimu. Nitaipeleka kwa miguu yangu.*

*Bodi ikitaka kujua kwa nini mtoto anajua kila kitu kilipo, jibu ni fupi. Hana mtu wa kucheza naye, kwa hivyo anawatazama. Mpeni mtu wa kukaa naye, na mtaona ataanza kupoteza vitu kama wengine.*

*Wairimu, mama yake.*